Pua ya Difu

26 Novemba

Leo asubuhi gari ya zahanati ya Ilambwa imeingia gereji kwangu, na nimeanza daftari hili kwa ajili yake. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa hapa Kiomboi, na mimi ni mtu wa kusahau leo nilichofungua jana. Sista Martina, mkuu wa zahanati, amekuja nayo mwenyewe. Wafadhili wamempa springi mpya na matairi makubwa, anataka gari iinuliwe inchi nne. Kila kifuku, mvua zikikolea, inazama kwenye mbuga ya tope kule chini ya mlima, na wagonjwa wanabebwa kwa kitanda cha kamba hadi kwenye barabara ngumu.

"Emiliana, utaiweza?" ameniuliza.

"Sista, gari ni chuma na boliti. Nitaiweza."

Dereva wake ni Mzee Naftali, mtu wa miaka hamsini na saba, mkimya, anayefuta kioo hata kikiwa safi. Nimemwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniita fundi. Si mama, si dada. Wateja wengine hufika wakauliza fundi yuko wapi, na mimi nimeshika spana mkononi. Nimempenda hapo hapo.

1 Desemba

Kazi imekwisha, na nitaieleza yote maana najivunia.

Springi zimeingia vizuri. Tabu ilikuwa nyuma. Gari ikiinuliwa, giaboksi inapanda nayo lakini difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, inabaki chini na magurudumu, kwa hiyo propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu nyuma, inateremka kwa mlalo mkali kuliko zamani. Pale chini inapofungwa kwenye pua ya difu palikuwa na kona mbaya. Nikavuta uzi kando ya propela kuona kama imenyooka. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata kwa Fundi Manase kule Shelui nilipokuwa mwanafunzi wake kwenye malori: vuta uzi, uzi hauna shangazi wala mjomba. Uzi ukaniambia pua ya difu imelala, haiitazami propela.

Wengi wangeacha hivyo. Mimi nilichora kwenye karatasi, nikampa kondakta wa basi aipeleke kwa mchonga vyuma Singida mjini, na jana kabari mbili za chuma zikarudi. Nimezibana kati ya springi na ekseli. Pua ikainuka, ikatazamana na propela mstari mmoja. Nimemwita mume wangu Andrea aje aone. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, gari anaijua kwa kuipanda tu, lakini hata yeye alisema imenyooka.

3 Desemba

Mvua tangu alfajiri.

9 Desemba

Mzee Naftali amekuja. Alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza kufunga tairi la mteja, ndipo akasema, "Fundi, gari inatetemeka. Ikifika mwendo wa arobaini inaanza, ikipita sitini inatulia."

Nimemwambia springi mpya ni ngumu, zitalainika zenyewe. Ameshukuru, akaondoka. Nimebaki na kinyongo kidogo mchana kutwa. Kazi niliyoimaliza vizuri sipendi iguswe.

16 Desemba

Maneno yale yale. Arobaini inaanza, sitini inatulia. Nimepaka grisi kila mahali, nimekaza kila boliti, nimemwambia aende. Alipoiwasha akakaa kidogo akisikiliza, kichwa kimeinama upande. Kuna madereva wa namna hiyo. Wanatafuta ugonjwa kwenye gari mpaka gari iugue kweli.

23 Desemba

Krosi ya juu imekwisha. Krosi ni kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiacha propela ikunje kona ikizunguka, iko moja juu kwenye giaboksi na moja chini kwenye difu. Ya juu niliyoitoa leo imekauka, imekuwa nyekundu ya kutu, na niliifunga mpya pamoja na springi, haina hata wiki nne. Nimefunga mpya.

"Mzee wangu," nikamwambia mbele za watu, "unakanyaga mafuta kama unaua nyoka."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alifungua kitabu cha safari cha gari akaandika kitu humo, akarudisha kalamu mfukoni.

25 Desemba

Sikukuu. Kuku wawili. Andrea ameimba kwaya mpaka sauti imekauka. Mvua.

7 Januari

Amekuja tena. Nimechoka naye, naandika kama ilivyo. Nimemwambia, "Basi usiende arobaini wala sitini, tatizo limekwisha."

Akauliza kwa upole wake, "Mlimani je, fundi? Mlimani gari yenyewe ndiyo inachagua."

Nikamjibu nina kazi. Kweli nilikuwa na kazi, lakini sijazoea kumjibu mtu wa umri ule bila kumtazama.

12 Januari

Kila mtu yuko shambani. Gereji tupu. Nimepanda alizeti nusu ya shamba letu, mgongo umekataa.

20 Januari

Sijui nianzie wapi.

Jana mchana mwanamke mmoja wa Ilambwa, Luciana mke wa Ezekieli, alifikishwa zahanati akiwa na uchungu tangu usiku uliotangulia. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Sista Martina akasema huyu ni wa kupasuliwa, apelekwe hospitali huku Kiomboi haraka. Saa tisa wakampandisha kwenye gari, Sista nyuma naye, Ezekieli mbele, Mzee Naftali kwenye usukani. Mbugani walipita bila shida, tope lote lile, na hapo mtu anaweza kunisifu kwa zile inchi nne. Walipoanza kupanda mlima, kona ya tatu, krosi ya juu ikakatika. Propela ikaanguka huku bado inazunguka, ikapiga giaboksi ikaipasua, mafuta yakamwagika yote. Gari ikafa pale pale, mvua inanyesha.

Simu hazishiki kwenye kona zile. Mzee Naftali alivua viatu akapanda mlima kwa miguu. Pikipiki alizokutana nazo zilikataa kushuka kwenye utelezi. Alikwenda mpaka akapata trekta ya mtu, wakarudi nayo, wakamvuta Luciana kwenye tela chini ya turubai. Walifika hospitali jua limeshazama. Luciana amepona. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Nimepata habari asubuhi, nikashuka na vifaa vyangu kwenye gari ya kukodi. Watu walikuwa wamejaa pale kwenye kona, wengine wa Ilambwa, wengine wapita njia tu. Mzee Naftali alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, miguu peku, nyayo zimechanika. Nikalala chini ya gari. Krosi niliyoifunga tarehe ishirini na tatu, mpya kabisa, ilikuwa imegawanyika vipande, na vyuma vyake vilikuwa na wekundu ule ule.

Nikatoka. Kila mtu alinitazama mimi. Nilijua wanachosubiri. Gari kaifunga mwanamke, imekatika, mtoto amekufa.

Mzee Naftali akasema, "Nilikuwa arobaini na tano, fundi. Mlima haukunipa nafasi ya kupunguza."

Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Ulikanyaga, Mzee. Krosi mpya haivunjiki yenyewe."

Watu wakageuza nyuso zao kutoka kwangu kwenda kwake, nikaiona ile hatari inanihama inamwendea yeye. Nilipumua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilipumua.

24 Januari

Kamati ya parokia inayosimamia zahanati imeniomba maoni ya kitaalamu kwa maandishi. Nimeandika mistari miwili: kiungo kimevunjika kwa sababu ya mwendo usiofaa na kukanyaga mafuta kwa nguvu kwenye mlima. Nimesaini, nikagonga muhuri wa gereji. Naamini niliyoandika. Krosi mbili kwa dereva mmoja, mtu aseme nini kingine?

2 Februari

Wamemwachisha kazi. Ametumikia miaka ishirini na miwili. Andrea alikuwepo kwenye kikao kwa sababu ya mambo ya kwaya, anasema walipomuuliza ajitetee alijibu neno moja, "Nilimweleza fundi." Basi. Akaweka funguo mezani.

Sasa mjini wanasema alikuwa amelewa. Mimi sijasema hivyo. Tena najua hanywi hata togwa iliyochacha. Mtu aliponiuliza leo sokoni, nilisema mimi naangalia vyuma tu.

11 Februari

Giaboksi imerudi kutoka kutengenezwa, nimeifunga. Krosi mpya. Dereva mpya anaitwa Amosi, kijana wa Mkiwa, mpole kwa mguu, nimepanda naye nikaona.

14 Februari

Jua siku tatu. Mahindi yanajikunja.

22 Februari

Amosi amekuja leo. Ameegesha, akashuka, akaja mpaka nilipo.

"Shikamoo fundi. Samahani, hii gari inatetemeka. Ikigusa arobaini inaanza. Ukiivusha sitini inaacha."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Nikamuuliza nani kamwambia hivyo. Akasema hakuna, ameisikia mwenyewe kwenye kiti. Nikamuuliza kama anamjua Mzee Naftali. Hamjui. Hajawahi kumwona.

Nikamwambia aiache gari, arudi kesho kutwa. Nimeshindwa kula.

23 Februari

Uwanja wa gereji yangu una mteremko, kwa hiyo asubuhi nimeipeleka gari juu ya jiwe bapa nyuma ya nyumba, pale majirani wanapoanikia mtama. Ni tambarare, nimelipima kwa pimamaji. Nimelala chini na simu ya Andrea, ina kipimo cha pembe ndani yake.

Giaboksi: imelalia nyuma digrii nne. Propela: inateremka digrii kumi na moja. Pua ya difu: imeinuka digrii kumi. Yaani krosi ya juu inakunja kona ya digrii saba, ya chini inakunja moja tu. Sikujua maana yake, lakini sikuipenda hesabu hiyo.

Mchana ikaja gari nyingine ya aina ile ile, ya idara fulani, kubadilisha oili. Hiyo haijawahi kuinuliwa. Nikamwomba dereva wake dakika tano, nikaipandisha kwenye jiwe. Giaboksi digrii tatu, pua ya difu digrii tatu. Sawasawa. Hazikutazamana kabisa. Zimelala sambamba, na propela inakatiza katikati yao, kona ya juu sawa na kona ya chini.

Nimempigia Fundi Manase simu Shelui. Baada ya salamu nikamuuliza, "Mwalimu, propela ikinyooka na pua ya difu si ndiyo vizuri?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulinifundisha uzi."

Nilisikia lori linapiga honi kwake. "Emiliana," akasema, "uzi nilikufundisha wa kulia na kushoto, ekseli isikae upande. Juu na chini nani alikufundisha? Krosi moja ikikunja, inazungusha propela kwa kudunda. Ya pili lazima ikunje vile vile iurudishe mdundo. Ukinyoosha moja, nyingine inadunda peke yake mpaka ife. Umeharibu gari ya nani?"

Nikasema ya mtu mmoja tu hapa.

Nilikuwa na zile kabari mbili. Nilizitengeneza mwenyewe, kwa kujiona. Ningekuwa fundi mvivu, nikafunga springi nikaacha pua ilale ilivyotaka, mtoto wa Luciana angekuwa na mwezi mmoja na siku nne.

24 Februari

Nimezitoa kabari. Nikashusha gari isimame kwa uzito wake, nikapima: giaboksi nne, pua nne. Nimefunga krosi mpya juu na chini. Nikatoka na Amosi barabara ya Misigiri. Thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Kimya. Amosi akacheka kwa furaha, akasema, "Fundi, umefanya nini?"

Nikamwambia nimekaza boliti moja iliyolegea.

9 Machi

Hili sikulitegemea, na ni baya kuliko yote. Gari imetulia, basi watu wanasema mnaona sasa? Naftali kaondoka, gari imepona. Mwenyekiti wa kamati amenisalimia kwa kunishika mkono mbele ya kanisa, akasema barua yangu iliokoa zahanati. Kila siku gari ikipita bila shida ni ushahidi mwingine dhidi ya yule mzee, na ushahidi huo nimeutengeneza mimi kwa mikono yangu.

15 Machi

Nimemwambia Andrea. Alikuwa anasahihisha madaftari. Alisikiliza yote, akafunga kalamu.

"Ulifanya kwa makusudi?"

"Hapana."

"Gari sasa ni nzima?"

"Nzima."

"Basi nani amekuuliza?" Si mtu mbaya mume wangu, ananionea huruma. "Ukisema, hutapata hata baiskeli ya kutengeneza hapa Kiomboi. Watasema walijua tangu mwanzo. Wewe unajua watakavyosema."

Najua. Miaka kumi na mmoja nimefunga injini mara mbili nilipotakiwa kufunga mara moja, ili wasiseme. Kosa la fundi mwingine ni kosa. Langu litakuwa ni kwa sababu ya gauni.

21 Machi

Amosi alisahau kitabu cha safari kwenye meza yangu. Nimekisoma. Mwandiko wa Mzee Naftali ni mdogo, umesimama wima. "6 Desemba, Ilambwa hadi Kiomboi. Mtetemo 40–60. Kumweleza fundi." "13 Desemba. Mtetemo 40–60. Kumweleza fundi." "23 Desemba. Krosi imebadilishwa. Fundi anasema ni mguu wangu. Nipunguze." "2 Januari. Nimepunguza. Mtetemo upo." Kurasa saba hivyo. Hakuna tusi, hakuna lawama. Andrea anasema alikuwa na kitabu hiki mkononi siku ya kikao na hakukifungua.

Nilidhani ni mtu wa kulalamika. Alikuwa anafanya kazi yake, na yangu pia.

28 Machi

Kwaresima. Nimeungama. Padre akauliza kama nimemwambia niliyemkosea. Nikasema bado. Akasema basi hiyo ndiyo toba yangu, wala hakunipa sala.

2 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho, manyunyu.

5 Aprili

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Naftali nikarudi nilipoona paa lake. Yuko nyuma ya nyumba anaponda kokoto. Nilisikia nyundo tangu barabarani. Mkewe Agnes alikuwa njiani na ndoo, nikamwamkia. Akaitikia vizuri kabisa, akaniuliza habari za watoto. Ningeona heri angenitukana.

13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kamati ilikutana baada ya misa, ofisi ya parokia. Niliomba dakika tano, nikaja na kabari mbili kwenye mfuko wa nailoni na kitabu cha safari.

Nilisimama nikasema, "Barua niliyowapa mwezi wa kwanza si kweli. Gari haikuvunjwa na dereva. Niliinua pua ya difu kuliko inavyotakiwa, kwa vyuma hivi hapa, na krosi ikawa inakufa kila safari. Mzee Naftali alinieleza mara nne. Nilimcheka. Siku niliyoandika nilikuwa naamini. Lakini tangu tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa pili najua, na nimekaa kimya."

Niliweka kabari mezani. Mwenyekiti akazigusa kwa kidole kimoja. Mjumbe mmoja akasema si alisema tangu mwanzo, kazi za wanaume wapewe wanaume, na mwingine akamwambia anyamaze. Walinihoji muda mrefu. Kama nimesoma. Kama nina leseni. Nilijibu yote, sauti ilitulia kuliko nilivyotegemea.

Sista Martina peke yake hakuuliza mpaka mwisho. Alikuwa nyuma ya gari siku ile, Luciana kamshika mkono kwenye tope. Akasema, "Tangu mwezi wa pili, Emiliana. Tumeonana mara ngapi tangu mwezi wa pili?"

Nikasema kila Jumapili.

Akainama akaokota mkoba wake. Nimelia njia nzima mpaka nyumbani, sijali nani kaona.

17 Aprili

Siku tatu sijapata kazi. Leo mteja mmoja kaja kuchukua pampu yake niliyokuwa sijaimaliza. Andrea anapika yeye.

22 Aprili

Kamati imemtumia Mzee Naftali barua ya kumrudisha kazini na kumwomba radhi. Leo nimekwenda mwenyewe, na safari hii sikurudia njiani.

Alinikaribisha kigoda. Nikamweleza kila kitu, mpaka digrii, kwa sababu nilijua atataka kuelewa. Alisikiliza kichwa kimeinama upande kama alivyokuwa anaisikiliza gari. Mikono yake imekuwa na malengelenge.

"Kwa hiyo ile kona ya juu ilikuwa inafanya kazi peke yake," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nilijua iko juu. Nilikuwa naisikia kwenye kisigino."

Nikamwomba msamaha. Nilitegemea aniambie yamekwisha, watu wa umri wake husema hivyo. Hakusema.

"Barua nimeipata," akasema. "Sijaijibu. Umekwenda kwa Luciana?"

Nikasema hapana. Nilidhani Sista atamweleza, au kamati.

"Mimi nilikwenda mara mbili. Nilimwambia pole, ni gari yangu iliyokatika. Hakunisikiliza, anasema si wewe Mzee, ni mimi. Sikujua maana yake, mpaka Ezekieli aliponieleza barabarani. Uchungu ulipoanza usiku, Luciana hakusema. Asubuhi walikwenda kupanda alizeti, alitaka wamalize jaruba lile. Kwa hiyo mama mkwe wake anasema kachelewa mwenyewe kwa tamaa ya shamba. Na yeye anakubali." Akachukua nyundo akaiweka tena chini. "Sitashika usukani wa gari ile kwenda Ilambwa kabla Luciana hajasikia kutoka kwenye mdomo wako. Si wangu, si wa Sista. Wako."

3 Mei

Nimekwenda leo. Amosi alinipeleka na gari ile ile. Nilikaa kiti cha mbele, mlimani ilipita arobaini na tano bila hata kioo kutikisika. Kona ya tatu nilitazama chini.

Alizeti zimekauka, zimeinamisha vichwa, watu wameanza kukata. Luciana alikuwa mbele ya nyumba anachambua mboga. Nilidhani nitakuta mwanamke mkubwa, sijui kwa nini. Ana miaka ishirini na mmoja. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akaniuliza kama nitakunywa uji.

Nikakataa kiti. Nikasema, "Mimi ndiye fundi niliyeifunga ile gari. Niliifunga vibaya. Kiungo kile kingekatika siku yoyote, na Mzee Naftali aliniambia kabla, sikumsikiliza. Ungefika hospitali mapema. Hukuchelewa wewe. Nilikuchelewesha mimi."

Mikono yake ilisimama kwenye mboga. Aliniuliza, "Hata kama ningesema asubuhi?"

"Ungesema asubuhi ungepanda gari ile ile. Ingekatika asubuhi."

Hilo sina hakika nalo. Pengine asubuhi krosi ingeshika safari moja zaidi. Pengine wangefika. Nimefikiri njia nzima kama nitalisema au la, nikalisema, na kama ni dhambi nimeongeza nyingine.

Hakunilaani. Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akalia bila sauti kwa muda. Mimi nilisimama pale pale, sikujua kama nina haki ya kumshika bega, kwa hiyo sikumshika.

Halafu akasema, "Tangu mwezi wa kwanza mama mkwe hanisemeshi. Chakula napika, anakula, hanisemeshi." Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa nyumba. "Yuko nyuma anapeta mtama. Kamwambie na yeye hivyo hivyo."

"Twende wote?"

"Hapana. Nataka nisikie kutoka hapa."

Nikazunguka nyumba. Mama wa Ezekieli alikuwa peke yake, kilemba kimejaa makapi, ungo unapanda na kushuka. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso, akauliza mimi ni wa nani. Nikakaa chini mbele yake, kwenye makapi, nikataja jina langu na kazi yangu, nikaanza upya, kwa sauti ya kutosha kufika upande wa pili.